Bibi Kama na Kikombe cha Kwanza

Mke wangu aliitwa Bibi Kama. Si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watoto wa mtaani, kwa sababu kila akifungua mdomo lilitoka neno hilo. Kama maji yakikatika. Kama umeme ukienda. Kama mvua ikigoma kuisha. Mwishowe hata watu wazima walimwita hivyo, naye akaitika.

Nyuma ya mlango wetu alitundika mfuko wa turubai, ule niliokuwa nikibebea vyombo vyangu vya kazi zamani. Mlikuwa na kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, mishumaa, tochi na betri zake pembeni zisije zikavujia ndani, kisu, sabuni, chumvi na sukari kwenye chupa mbili ndogo, vidonge, na filimbi. Filimbi ile ilinichekesha kuliko vyote.

"Hii ya nini? Unataka kuchezesha mpira?"

"Kama nyumba ikituangukia, utaita kwa sauti gani? Sauti yako imeishia visimani."

Chini ya kitanda aliweka madumu ya maji ya kunywa. Yalikuwa madumu ya mafuta ya kula, ameyasugua mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni. Dumu la rangi au la mafuta ya taa hakulipokea hata ukimpa bure. Maji yakikaa sana aliyatoa akayafulia nguo, akajaza mengine. Nikijigeuza kitandani nilisikia maji yanacheza chini yangu. Nilimwambia jirani yetu fundi viatu kwamba mimi nalala juu ya ziwa, akacheka nusura ameze msumari aliokuwa ameubana kwa meno.

Nilizoea kumtania hivyo mbele za watu. Yeye alikuwa akitabasamu tu, anaendelea na yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba visima. Sikusoma. Nilianza kijana, kwa sururu ya kuazima. Kule chini uko peke yako. Unachimba, udongo unapandishwa kwa ndoo, unasikia baridi ya ardhi kwenye nyayo, halafu siku moja udongo unalegea na maji yanakushika vidole. Hiyo tuliiita siku ya maji.

Siku ya maji nilikuwa na utaratibu wangu. Tunavuta yale ya tope, tunamwaga, tunavuta tena, mpaka yanatoka maji yanayokuonyesha kitako cha ndoo. Wenye nyumba wanakusanyika na majirani zao. Hapo nasema, "Kikombe." Fundi anakunywa wa kwanza, mbele ya macho ya watu. Asipokunywa yeye, nani mwingine atakunywa? Namaliza chote kwa pumzi moja, najifuta mdomo kwa kiganja, nasema, "Yananyweka." Watu wanapiga makofi. Ndiyo maana waliniita Tumbo la Chuma. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba tumbo langu limeuma.

Mke wangu hakukosa siku ya maji hata moja. Alikuja na chakula changu, na birika la chai, na kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni. Alikuwa akichukua ndoo, anageuka upande, anainama na kitambaa chake cheupe kuchuja, kisha ananipa kikombe kwa mikono miwili. Niliona ni heshima ya mke kwa mumewe. Nilijivuna nayo.

Nyumbani alichemsha maji. Mimi nilisema maji yaliyochemshwa yamekufa. "Hayo wape wageni," nilimwambia. "Mimi nipe ya kisimani, yangali hai." Basi jikoni ikakaa mitungi miwili, wake na wangu. Nilikunywa kwenye wangu nikasema, "Haya ndiyo maji." Yeye akasema, "Haya, mzee."

Alikufa kabla ya mvua. Ni kifua. Kilimbana siku nyingi, halafu hakikumbana tena. Sina la kuongeza hapo.

Msibani watu walikuwa wengi. Maji ya madumu yalinawiwa mikono na kuoshea sahani. Madumu mengine yaliondoka na watu, nami sikuwafuata. Mishumaa ilitumika, tochi sijui ilikwenda na nani. Watu walipotawanyika nilikusanya dawa zake zote, maana sikuweza kuzitazama. Vile vidonge vya kwenye mfuko nikavitia humo humo. Niliona vidonge ni vidonge. Nikavichoma kwenye shimo la taka. Baadaye nilikuja kujua vilikuwa vya kusafishia maji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anafua nguo za watu mtaa wa ng'ambo ya mfereji. Tangu msiba alikuwa akipita asubuhi, ananiletea chakula, anafagia, ananijazia mtungi. Nilikuwa nakunywa, nalala, naamka.

Mvua ikaja ikakaa. Mfereji ulijaa ukapasuka kingo, na alfajiri moja niliamka miguu iko majini. Mashimo ya vyoo yalifurika. Yaliyokuwa yakielea uani sote tuliyaona, na sote tulijifanya hatuyaoni. Maji yalipopungua yaliacha tope ndani ya vyumba na harufu isiyosemeka. Bomba likakauka. Barabara ilikatika, hata wauza maji wa mikokoteni hawakuweza kupita. Shemeji naye alikwama kwake.

Mtungi wangu ulikuwa umeanguka ukapasuka. Nilikuwa nimekaa kitandani nafikiria nifanye nini nikasikia watu wanakuja. Niliwasikia kabla hawajabisha. "Kwa Bibi Kama hakukosi maji," mmoja alikuwa akisema.

Mbele alikuwa mama mapacha. Ni mpangaji mpya, anakaa chumba kinachopakana na changu. Ana watoto wawili ambao hata kutembea bado. Alishika sufuria kifuani. Nyuma yake fundi viatu, na wengine wa nyumba za karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, tunaomba maji ya watoto tu. Yale ya chini ya kitanda. Sisi wakubwa tutavumilia."

Niliinama nikavuta dumu. Likaja jepesi, likagonga ukuta. Nikavuta la pili. Mdomoni mwake buibui alikuwa amejenga. Nikavuta la mwisho pia, nikalitikisa, kana kwamba huenda maji yamejificha. Nilijua hayamo.

"Yote matupu?" aliuliza mama mapacha.

"Yaliisha msibani."

"Na hukujaza tena, mzee?"

Aliuliza kwa upole. Afadhali angenitukana. Fundi viatu, ambaye hawezi kunyamaza hata akishonwa mdomo, akasema, "Bibi Kama akifufuka akaona haya, anakufa tena papo hapo." Hakuna aliyecheka. Hata yeye alitazama chini.

Nilisikia masikio yanawaka moto. Nyumba yake hiyo, yeye aliyelala juu ya maji maisha yake yote, mimi nimeachiwa muda mfupi tu na haina hata tone. Nilitaka wasiondoke na picha hiyo. Nikasema, "Kwani kisima hakipo?"

Kisima cha uani nilikichimba mwenyewe. Mdomo wake uko chini, na yale maji machafu yalikuwa yamepita juu yake. Watu walitazamana.

"Kinafaa kweli?" akauliza mama mapacha.

"Wewe ni mgeni hapa," fundi viatu alimwambia. "Huyu ni Tumbo la Chuma. Kisima akikinywa yeye, umekwisha ubishi. Mzee, tuonyeshe!"

Nilichukua kikombe cha bluu msumarini, nikatoka nao. Tukavuta, tukamwaga, tukavuta. Yakaja yenye rangi ya chai, kisha ya majivu, kisha yakang'aa. Kamba ilinikata viganja, ila nilisimama wima. Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza watu kunitazama bila huruma. Nikachota mwenyewe. Hapakuwa na wa kunipa kikombe.

Nikanywa chote kwa pumzi moja.

Ladha yake ilikuwa ngeni kabisa. Nzito, ya udongo, na nyuma ya udongo kitu kingine. Nilijiambia kwamba tangu afe hakuna kinachonikolea mdomoni. Nikajifuta kwa kiganja.

"Yananyweka."

Makofi yakalia. Fundi viatu alichota chake hapo hapo, akanywa, akasema, "Baridi kama ya friji!" Wengine wakajaza ndoo wakaondoka nazo. Mama mapacha akajaza sufuria, akanishukuru, akaniita baba. Nikarudi ndani nimenyoosha mgongo.

Mchana shemeji akafika. Alikuwa amevuka ng'ambo kwa kushika kamba, tope mpaka mapajani, chupa ya maji imefungwa mgongoni kwa kitambaa.

"Shemeji, u mzima? Nimekuletea maji. Najua huna."

"Maji yapo," nikamwambia. "Nimekijaribu kisima. Yananyweka."

Alisimama pale pale mlangoni.

"Umekijaribu vipi?"

"Kama siku zote. Nimekunywa."

"Nani amekupa kikombe?"

"Nimechota mwenyewe. Angenipa nani?"

Aliketi kwenye kigoda bila kunawa tope. Akafunika uso kwa mikono miwili, na nilidhani analia. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Shemeji, nikuulize. Lile birika la chai ambalo dada alikuwa akija nalo siku ya maji. Umewahi kunywa chai yake?"

Nilifikiri. Nikafikiri tena.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki kwa sababu haikuwepo. Mlikuwa na maji ya nyumbani, yamechemshwa yakapoa. Akiinama na kitambaa anamimina hayo kwenye kikombe chako. Kitambaa kilikuwa cha kuziba macho ya watu."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema hujawahi kunywa maji mabichi ya kisima tangu umwoe dada yangu. Hata mtungi wako wa jikoni. Yote yalitoka sufuria moja. Na mimi nimekuwa nikikujazia yale yale, aliniachia usia."

"Na wenye visima? Walikunywa, hawakuumwa!"

"Aliwaambia wanawake pembeni. Chemsheni mpaka kisima kitulie. Wake wa wateja wako wote walijua, shemeji. Ni nyie tu wapiga makofi mliokuwa hamjui."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia hana adabu, anamsingizia marehemu. Alinyamaza kweli, akanitazama tu, na katika kimya hicho tumbo langu likanguruma. Sote wawili tulilisikia.

"Nani mwingine amechota?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Fundi viatu. Watu wa nyuma. Mama mapacha."

"Anachemsha?"

"Kwa kuni gani? Zote zimelowa."

"Basi nenda ukamwambie. Sasa hivi."

"Nenda wewe."

"Mimi? Watasema mfua nguo anabishana na Tumbo la Chuma. Wamechota kwa mdomo wako. Watamwaga kwa mdomo wako."

Sikuinuka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitazama ukucha wa dole gumba. Nilikuwa nawaza makofi ya asubuhi, na makofi yote ya nyuma, ua kwa ua. Nilikuwa nawaza uso wa fundi viatu nikimwambia. Nilijua watoto wale wanaweza kunywa wakati mimi nawaza. Nilijua, na nikaendelea kukaa. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Kunywa kikombe, sikujua. Kukaa pale nilijua.

Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani ni mwembamba. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Nikasikia sauti ya mama mapacha, ile wanayotumia kwa watoto wadogo. "Haya, fungua mdomo. Kidogo tu. Maji ya babu haya."

Nikapiga kelele, "Usiwape!" Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi yenye mikwaruzo, kama mlango mbovu. Shemeji alikwisha simama, lakini mimi nilikuwa karibu na mlango. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa turubai. Filimbi ilikuwepo. Hakuna aliyeona faida ya kuichukua.

Nilipuliza mpaka masikio yangu mwenyewe yakauma.

Watu walitoka. Fundi viatu alitoka na nyundo akidhani ni mwizi. Mama mapacha alitokeza, mtoto mmoja kiunoni, kijiko bado mkononi.

"Amekunywa?" nikamwuliza.

"Bado, ndiyo kwanza namwanzia. Kuna nini, mzee?"

"Mwaga. Mwageni wote. Kisima kimeingiwa na choo."

"Si umesema yananyweka?"

"Nimesema. Sikujua nisemalo."

"Lakini wewe umekunywa, na ndiye fundi."

Nikawaambia yote, nimeshika mwimo wa mlango. Birika, kitambaa, mtungi wangu wa jikoni. Sikupamba. Mwanamke mmoja mzee nyuma alitikisa kichwa polepole, nikaelewa kwamba naye alikuwa akijua siku zote. Kisima chake nilikichimba mimi.

Fundi viatu akashusha nyundo. "Kumbe chuma chenyewe kimeshikwa na kutu!" Safari hii watu walicheka. Walicheka sana. Nilitaka kumjibu, lakini tumbo lilinikata katikati ya neno, na choo chenyewe kilikuwa kimejaa, ikabidi nikimbilie nyuma ya nyumba na ndoo, mzee mzima, mbele ya wapangaji wote. Nilisikia vicheko vinakatika kimoja kimoja. Kisha nikasikia maji yanamwagwa, ndoo moja, ya pili, ya tatu.

Niliporudi, shemeji alikuwa amepanda juu ya meza ndani kwangu, mkono uko juu ya kenchi za paa.

"Unatafuta nini huko?"

"Dada alisema, kama kuni zikilowa, tazama juu."

Akashusha ndoo yenye mfuniko, imezungushiwa mpira wa baiskeli kukaza. Ndani mlikuwa na mkaa mkavu mpaka juu, na kiberiti, na kipande cha kitambaa cheupe. Nimelala chini ya ndoo ile sijui muda gani. Ziwa chini yangu nililisikia. Hiyo sikuijua.

Ile chupa ya mgongoni alimpa mama mapacha kwa ajili ya watoto. Jiko likawashwa uani. Kwa kuwa kisima hakiguswi, walikwenda kukinga maji ya mvua iliyoanza tena kwenye bati la paa, wakayaacha ya mwanzo yaoshe bati, wakakinga yanayofuata. Shemeji aliyaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa kilichokunjwa, akayachemsha mpaka yakaruka ruka, akayafunika. Kila mtu alisimama kutazama sufuria, kama vile hajapata kuona maji yanachemka.

Yalipopoa akanichotea kidogo kwenye kikombe cha bluu. Alinipa kwa mikono miwili.

Nikanywa. Yalikuwa yale yale. Maji ninayoyajua mimi, yale niliyoyasifia kila ua, yale niliyomwambia haya ndiyo maji.

Kisha akatoa zile chupa mbili ndogo, akakoroga sukari na chumvi kwa kipimo alichofundishwa na dada yake, akaniambia ninywe kidogo kidogo kutwa. Mgao mwingine akampelekea fundi viatu, ambaye kutu ilikuwa imemfikia naye. Usiku kucha nilimsikia ng'ambo ya ua akienda na kurudi. Tulikutana asubuhi, kila mmoja na ndoo yake. Hakunitania. Nilitamani anitanie.

Shemeji alikaa nami mpaka nilipopata nguvu. Siku anayoondoka nilimwuliza lile lililokuwa limenikaa kooni.

"Alikuwa akinicheka?"

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani.

"Mwanzoni nilikuwa nacheka mimi," alisema. "Nilimwambia, dada, mwambie ukweli huyu mume wako. Akasema, mwache. Mtu aliyetoka shimoni mzima, mwache apigiwe makofi."

Kisima nimekifunika. Watakapokuja wenye dawa ya kukisafishia nitawasaidia kuvuta, na kikombe sitashika. Madumu nimekwenda kuyadai, nyumba kwa nyumba, na ilinibidi nieleze kila mlango ni kwa nini nayataka sasa. Nimeyasugua. Nachemsha mwenyewe, sufuria naiunguza kingo, lakini nachemsha. Maji yakikaa sana nafulia, najaza mengine.

Mama mapacha ananisalimia kama zamani. Watoto wake wameanza kusimama kwa kushika ukuta. Kila akiwaambia, "Msalimieni babu," mimi natazama kijiko alichoshika, kama anacho, na kama hana natazama chini.

Fundi viatu amekwisha rudi kwenye ulimi wake. Juzi nilimwambia, "Kama mvua ikirudi, wewe mkaa wako umeuweka wapi?" Akaacha nyundo hewani.

"Haya, Babu Kama," akasema. "Tumekusikia."

Usiku najigeuza, nasikia maji yanacheza chini yangu.